Je, Samaki Mmoja Akioza, Wote Huoza?

Mwanadamu akiona jambo ovu limetendeka hutaka kujua mambo mawili: nani amelitenda, na kwa nini amelitenda. Swali la kwanza ni kazi ya polisi na hakimu. Swali la pili ni la watu wote, na kila mtu hujiona ana jibu lake. Wazee wetu walilijibu kwa methali. Wataalamu wa elimu ya jamii, ambayo huitwa pia sosholojia, wamelijibu kwa vitabu. Katika insha hii nataka wewe nami, msomaji, tuzitie methali hizo na vitabu hivyo katika mizani moja, tuone kipi kizito na kipi chepesi. Mahali pa kupimia ni huku kwetu Kaskazini Mashariki mwa Kenya, katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Sikupachagua kwa kuwa nafundisha huku tu. Nimepachagua kwa sababu watu wa nchi hii wamepata kuitwa wahalifu wote pamoja, na nadharia ya uhalifu isiyoweza kusimama hapa haifai kuaminiwa kwingine.

Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo hili, mimi huwauliza walimu-wanafunzi wangu: "Kwa nini watu huvunja sheria?" Majibu hayabadiliki sana. Mmoja husema ni umaskini. Wa pili husema ni marafiki wabaya. Wa tatu husema ni malezi. Na hakosi wa nne asemaye kwamba wengine wamezaliwa hivyo. Nami huwauliza tena: "Na ndugu yake mwizi, aliyezaliwa katika tumbo lilelile, akalala na njaa ileile, mbona yeye hakuiba?" Hapo darasa hunyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichonipa kipimo cha kwanza. Nadharia ya uhalifu haina budi kumweleza mtu aliyetenda, na pia kumweleza jirani yake ambaye hakutenda. Kipimo cha pili ni hiki: iweze kumtazama mwenye nguvu kwa jicho lilelile inalomtazamia mnyonge. Sababu inayoeleza kosa la mchungaji ikashindwa kueleza kosa la mtawala ni nusu ya sababu. Basi na tuanze.

Methali ya kwanza ni ile isemayo, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu chenye maana hiyohiyo. Alidai kwamba wako watu waliozaliwa wahalifu, nao wanaweza kutambulika kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Wasomi wengine walipopima mafuvu ya wafungwa na ya watu wema, hawakuona tofauti aliyoidai, na nadharia yake ikaanguka. Imeanguka katika vitabu, lakini haijafa katika mioyo. Huishi katika kila kizuizi cha barabarani ambapo abiria mmoja huamriwa ashuke garini na wenzake wakaachwa wameketi, kwa sababu ya uso wake tu. Hatuna haja ya kukaa sana na Lombroso. Yafaa tu tukumbuke kwamba upuuzi ukifukuzwa shuleni huenda ukapata kazi njiani.

Baada yake alitokea Mfaransa Émile Durkheim, ambaye alisema neno lililowashangaza wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 aliandika kwamba uhalifu ni jambo la kawaida katika jamii, kwa maana hapana jamii isiyokuwa nao. Alisema kwamba hata katika jamii ya watawa watupu, makosa madogo ambayo sisi hatuyajali yangeonekana huko kuwa makosa makubwa. Uhalifu, kwa maoni yake, haumo katika tendo peke yake. Umo pia katika macho ya watu walitazamalo tendo hilo. Tena alieleza kwamba desturi zinapovunjika kwa ghafula, watu hukosa kipimo cha kutaka na kuacha, wakawa kama msafiri aliyepoteza nyota.

Maneno haya yana uzito kwetu. Mtazame kijana ambaye baba yake alihesabiwa heshima kwa ngamia wake. Ukame umewamaliza ngamia, na jamaa yote imehamia katika mtaa wa pembeni mwa mji, ambao huku huitwa bulla. Yale aliyojifunza malishoni hayana bei mjini, na yale ya mjini hakufundishwa. Durkheim anatusaidia kuuona upotevu wa kijana huyu. Lakini tukimtia katika mizani, twaona upungufu wake mara mbili. Kwanza, anaeleza kwa nini uhalifu umo katika jamii, ila haelezi kwa nini umo katika mtu huyu na si yule. Pili, anasema kana kwamba jamii ina dhamiri moja. Huku kwetu sheria ni mbili. Kwa sheria ya serikali, mauaji ni kosa la mtu mmoja dhidi ya dola. Kwa sheria ya mila ya Wasomali, iitwayo xeer, mauaji ni deni baina ya koo, nalo hulipwa kwa dia: kwa desturi ngamia mia moja kwa mwanamume, na nusu yao kwa mwanamke. Sheria hiyo imezima visasi vingi. Lakini humwacha muuaji ajifiche nyuma ya mali ya jamaa zake, na humhesabu mama zetu nusu ya mtu. Nani basi mkosaji, na kwa macho ya nani? Durkheim hakutuachia jibu.

Methali ya pili ni, "Mwenye njaa hana miiko." Mtaalamu wa Marekani, Robert Merton, aliipa mwili mwaka 1938. Alisema kwamba jamii huwafundisha watu wote kutamani mambo yaleyale, yaani mali na cheo, lakini haiwapi wote njia ya kuyafikia. Mtu aliyefungiwa njia ya halali huchagua: atavumilia, atatafuta njia ya mkato, atakata tamaa, au ataasi.

Ukiisoma nadharia hii Garissa, utadhani mwandishi alipata kukaa huku. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza nchi hii kuwa wilaya iliyofungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila ya kibali. Mwaka 1965, Kenya ikiwa huru, Waraka wa Bunge Namba 10 ulielekeza fedha za maendeleo ziende hasa mahali penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, ambako zingezaa faida upesi. Nchi yenye mvua haba ikabaki nyuma, na iliyokuwa mbele ikaongezewa. Merton angesema: mmewaonyesha karamu, mkawafungia mlango.

Hata hivyo, tumtie naye mizanini. Maskini wa nchi hii ni wengi mno, na walio wengi katika hao hawajaiba hata mbuzi. Tena yako makosa ambayo njaa haiwezi kuyabeba. Tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walikiingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, wakaua watu 148, na walio wengi katika hao walikuwa wanafunzi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo hakufungiwa mlango wa elimu. Alikuwa ameupita akaufikia mwisho wake. Uhalisi wa kisa hiki unatuonya tusiufanye umaskini kuwa shahidi wa kila kesi. Kumwambia maskini kwamba umaskini wake ndio uhalifu ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hapo twafika kwenye methali iliyonipa jina la insha hii: "Samaki mmoja akioza, huoza wote." Mmarekani mwingine, Edwin Sutherland, alifundisha katika miaka ya 1930 na 1940 kwamba uhalifu hujifunzwa kama ufundi wowote. Mtu hujifunza kwa watu walio karibu naye, na hajifunzi mbinu za kutenda tu, bali hujifunza pia maneno ya kuituliza dhamiri baada ya kutenda. Sutherland amekipita kipimo changu cha pili kuliko wenzake, kwa kuwa mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya makosa ya makampuni 70 makubwa ya Marekani, akaonyesha kwamba matajiri nao hufundishana uovu katika ofisi zao safi kama vijana wanavyofundishana vichochoroni. Nadharia yake hutusaidia kufahamu jinsi mhitimu wa sheria anavyoweza kuvutwa: hakuvutwa na njaa, alivutwa na maneno.

Lakini angalia sana tofauti iliyopo baina ya mtaalamu huyu na methali yetu. Sutherland alisema mtu aweza kujifunza kwa mwenzake. Methali inasema wote huoza. Baina ya "aweza" na "wote" pana shimo, na katika shimo hilo watu wa nchi hii walitupwa zaidi ya mara moja.

Sheria za kikoloni za mwaka 1933 na 1934 ziliruhusu kabila zima kuadhibiwa, na mifugo yake kutwaliwa, kwa kosa la wachache. Mwaka 1962 tume iliyoletwa kuuliza maoni ya watu ilikuta kwamba wengi wa Wasomali wa wilaya hii walitaka kuungana na Somalia. Hawakupewa haja yao. Na wengine wao wakashika silaha. Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa. Vita vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katika vita hivyo wapiganaji waliitwa shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya jambazi au mwasi wa msituni. Lilianza kama jina la mpiganaji, halikuishia kwake. Mwaka 1966 wafugaji waliamriwa wakusanyike katika vijiji vilivyolindwa, na mfugaji aliyeonekana nje na ngamia wake alihesabiwa adui. Kuchunga kukawa kosa.

Mwaka uleule wa 1963, mbali sana na huku, Howard Becker alikuwa akichapisha Marekani kitabu kilichosema kwamba ukengeufu si sifa ya tendo lenyewe. Ni matokeo ya wengine kutunga kanuni na kumbandika mtu jina. Aliyebandikwa jina hilo kwa mafanikio ndiye mkengeufu. Nadharia hiyo ingeweza kuandikwa malishoni. Mfugaji humtia ngamia wake chapa ya ukoo kwa chuma cha moto. Ngamia hukua, huuzwa, huzeeka, chapa haifutiki. Neno shifta lilikuwa chapa ya namna hiyo. Wapiganaji waliweka silaha chini, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na watu wengi waliokuwa hawana hatia wakateswa na kuuawa. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wakazuiliwa juani bila ya maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Walionusurika hutaja mamia. Mwishoni mwa 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wathibitishe uraia wao upya, jambo ambalo raia wengine hawakuamriwa.

Je, matendo ya Wagalla hayakuwa uhalifu? Yalikuwa. Lakini kwa miaka mingi hayakuitwa hivyo, kwa sababu mwenye mamlaka ya kutoa majina hakujipa jina hilo. Tena sheria ya mwaka 1970 ilikuwa imekwisha kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huku katika miaka ya vita vya shifta. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 2013 ndipo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoyaandika mauaji hayo katika ripoti yake kwa jina lake halisi, na mpaka Machi 2015 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipoomba radhi bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita. Kwa kipimo changu cha pili, basi, Becker amewashinda wote. Ametufundisha kuuliza: nani aliyeshika chuma cha moto?

Na hapa, msomaji, nakuomba usikimbilie kupiga makofi. Juma moja tu baada ya radhi ile ya Machi 2015 ndipo wanafunzi wa Garissa walipouawa. Je, twaweza kusema kwamba uovu wa siku ile ulikuwa jina tu lililobandikwa? Hatuwezi. Risasi haingoji kupewa jina ndipo iue. Wala hatuwezi kusema kwamba chapa ya shifta ndiyo iliyoshika bunduki, kwani watu wengi mno waliotiwa chapa hiyo hawakushika kitu ila kamba za ngamia wao na vitabu vya watoto wao. Mwenye kutumia dhuluma ya 1984 kusamehe mauaji ya 2015 anafanya kosa lilelile la methali: anawachanganya waliodhulumiwa na waliodhulumu, kana kwamba wote ni samaki wa kapu moja. Kueleza si kusamehe. Daktari aelezaye chanzo cha homa hajaisifu homa.

Imebaki nadharia moja ambayo napenda kuitaja, kwa kuwa inakijibu kile kimya cha darasani. Mwaka 1969 Travis Hirschi aliligeuza swali. Alisema, tusiulize kwa nini wachache huvunja sheria; tuulize kwa nini walio wengi hawaivunji. Jibu lake ni kwamba mtu hufungwa na kamba: upendo kwa wazazi na walimu wake, matumaini ambayo hataki kuyapoteza, kazi zinazoushughulisha mwili wake, na imani kwamba sheria ni ya haki. Wazee walilisema nusu yake katika "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nadharia hii nayo ina tundu, kwa kuwa kamba hufunga kwenye jema na kwenye baya, genge nalo lina upendo wake na imani yake. Lakini kuligeuza swali ni jambo la busara, maana hutufanya tuwatazame watu ambao magazeti hayawatazami.

Nitakutajia wawili watatu. Mwaka 1993, Wajir ilipokuwa ikichinjana koo kwa koo, wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na jambo dogo: soko. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua sokoni bila ya kuogopa, wakakaa wenyewe kulinda mapatano yao. Kutoka sokoni wakawafikia wazee, kutoka kwa wazee wakawafikia vijana na serikali, na mwaka uleule wazee wakatia mkono azimio la amani la Al Fatah. Hawakusoma Hirschi. Walizifunga tena kamba zilizokatika, moja baada ya moja.

Tena tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na wauaji karibu na El Wak. Abiria waliamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo huku, kama ilivyotendeka Garissa miezi minane nyuma. Waislamu walikataa. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mwenzangu wa kazi, ingawa sikupata kuonana naye, jina lake Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016.

Mtie mtu huyu katika mizani yetu. Alikuwa mtu wa nchi ileile, iliyonyimwa kama Merton alivyosema. Alibeba chapa ileile ambayo Becker aliieleza. Na wauaji waliolisimamisha basi walijiita watu wa dini yake. Kwa methali ya samaki, ilimpasa awe ameoza. Hakuoza. Basi methali ni kweli kwa samaki, kwa kuwa samaki aliye kapuni amekwisha kufa na hana la kuchagua. Watu hawakufa wala hawamo kapuni.

Hivyo, msomaji, sikukuletea nadharia moja iliyoshinda. Kila moja imebeba sehemu ya mzigo, na kila moja imeudondosha mahali. Nakuachia vile vipimo viwili, ukavitumie. Utakaposikia mtu akisema kwamba watu fulani ni wezi, au wa mtaa fulani ni wauaji, muulize: na yule jirani ambaye hakutenda, wamweleza vipi? Tena muulize: na wewe unayetoa jina, nani anayekupima? Kama hana jibu la maswali hayo, basi hajakueleza uhalifu. Ametia chuma motoni tu, anatafuta wa kumchoma.